Maswali ya wasomaji: Cheti cha kontrakta umekiona, na hela yako nani kaiwekea dhamana?

Mwezi huu wasomaji wangu mmeamua kujenga wote kwa mpigo. Meseji nyingi ni makontrakta, vyeti, bondi na manispaa, kwahiyo zile za mirathi na za wapangaji wasiolipa kodi nimezisogeza toleo lijalo, leo ni saiti tupu. Maswali marefu nimeyafupisha, kuna mmoja kaandika mpaka bei ya kokoto za mwaka juzi, nisamehe ndugu yangu.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kiwanja Goba, nataka kupandisha ghorofa moja, chini nikae mimi na wanangu, juu nipangishe. Kuna kontrakta nimeletewa na shoga angu, kanitumia WhatsApp picha ya cheti cha CRB daraja la tano, kinang'aa kweli. Ila jina la kampuni kwenye cheti silo lililopo kwenye kotesheni, nikamuuliza akasema "mama usijali hiyo ni kampuni ya bro, tunafanya wote". Anataka asilimia 50 kabla hajamwaga hata tripu moja ya mchanga. Nimpe? (Mama Wawili, Goba)

JIBU: Mama Wawili, hapana. Usimpe hata nauli mpaka umalize kusoma hapa.

Tuanze na hicho cheti. Kwa sheria ya usajili wa makandarasi ya mwaka 1997, anayefanya kazi ya ukandarasi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ndo hiyo CRB, na kinachosajiliwa ni kampuni yenye jina lake, aina yake ya kazi na daraja lake. Cheti hakiazimwi ka masufuria ya shughuli. Kama kweli wanafanya wote basi huyo bro mwenyewe aje, asaini mkataba yeye kama mkurugenzi wa kampuni iliyoandikwa kwenye cheti, upigwe muhuri wa kampuni hiyo, na hela iingie akaunti ya benki yenye jina hilohilo herufi kwa herufi. Ukisikia tu "nitumie kwa namba yangu ya simu mi ntampelekea", hapo maongezi yameisha.

Biashara ya kukodisha vyeti mjini hapa ipo na kila aliyewahi kukaa saiti anaijua. Mwenye kampuni yuko zake nyumbani, anampa mtu kopi ya cheti, muhuri na karatasi zenye nembo, kazi ikipatikana anachukua asilimia zake, siku zege likipasuka ukimtafuta anakwambia huyo simjui na hii saini si yangu, na kweli saini si yake. Unabaki na kishoka aliyezima simu. Mimi kwa maoni yangu mwenye cheti ndo ana makosa makubwa kuliko kishoka, mana kishoka anatafuta riziki kwa njia za panya lakini huyu kakaa na haki aliyopewa na bodi akaigeuza duka.

Sasa kuhakiki. Tovuti ya CRB ina orodha ya makandarasi waliosajiliwa, tafuta jina la kampuni humo. Halafu usiishie hapo, wana ofisi Dar, nenda au piga simu uulize kama ada ya mwaka huu imelipwa, kwa sababu bodi huwa inawafuta kwenye rejesta wanaoacha kulipa ada, unakuta cheti kilikuwa halali kabisa siku kinatolewa ila leo ni pambo la ukutani. Irudie ile picha uliyotumiwa uikuze. Picha za namna hiyo mara nyingi zimekatwa kidogo chini palepale penye tarehe, au kidole gumba kimekaa juu ya mwaka. Omba orijino, mtu mwenye orijino hakasiriki kuombwa.

Soma na aina ya usajili. Kuna makandarasi wa majengo, kuna wa barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo, na wale wa kazi maalum. Wa majengo wana madaraja saba, la kwanza ndo kubwa kuliko yote na la saba ndo dogo, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya mkataba mmoja. Kwahiyo daraja la tano la barabara halimpi mtu ruhusa ya kukupandishia ghorofa hata awe mtaalamu kiasi gani wa kumwaga lami. Huo ukomo hurekebishwa kila baada ya muda, uliza wa sasa hukohuko bodi, usichukue namba ya kwenye grupu la ujenzi.

Halafu uliza mtaalamu wa kampuni ni nani. Kampuni haisajiliwi kwa sababu ina hela tu, inasajiliwa kwa sababu ndani yake kuna mtu mwenye taaluma, injinia au fundi sanifu kutegemea na daraja, na mtu huyo hatakiwi kuwa mtaalamu wa kampuni tatu kwa wakati mmoja. Mwambie aje kiwanjani, mpe mchoro, muulize nguzo hii kwanini ina nondo sita na ile ina nne. Huhitaji kujua jibu, angalia tu kama anajibu huku anaangalia mchoro au anaangalia gari lake.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi wanalichanganya. Manispaa haisajili makontrakta. Wewe uko Goba, manispaa yako ni Ubungo, kazi yake ni kukupa kibali cha ujenzi na kukagua hatua kwa hatua, kwahiyo mtu akikwambia "mimi nimesajiliwa manispaa" anachokuonyesha ni leseni ya biashara. Leseni muhimu ndio, ila inasema anaruhusiwa kufanya biashara na analipa kodi zake, haisemi anajua kumwaga jamvi. Ghorofa inataka mchoro wa usanifu wa mtu anayetambuliwa na bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, mchoro wa nguzo na mihimili wa injinia aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, kibali cha manispaa, na kontrakta wa CRB. Milango minne, na ukiwa na haraka ya kuwahi mvua utaambiwa mmoja unarukika. Usiruke. Ukija kukuta ukuta umepakwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI, aliyekwambia ruka hatokuwepo.

Kazi ikianza kontrakta anatakiwa ausajili mradi wako CRB na asimamishe bango lenye jina la mwenye mradi, kontrakta, injinia na msanifu. Akikwambia "bango la nini mama, hii nyumba ya kawaida", ujue kuna jina hataki lisomeke barabarani.

Kuhusu ile asilimia 50, hiyo si advansi, hiyo ni mtaji unampa. Jibu lake refu liko kwa msomaji wa tatu hapo chini, msome na wewe.

SWALI: Mkuu salama? Nina kakampuni kadogo hapa Tabata, daraja la saba majengo. Kwa mara ya kwanza tumeshinda zabuni ya halmashauri, madarasa na vyoo vya shule, milioni 180. Sherehe imeisha jana, leo barua inasema nilete dhamana ya utekelezaji asilimia 10 kabla ya kusaini. Benki wanataka niweke milioni 18 cash ikae imefungiwa. Sasa nikifungiwa 18 nitanunulia nini simenti? Kuna jamaa anasema yeye "anatengeneza" bondi kwa laki tano na inapita. (Kontrakta mchanga, Tabata)

JIBU: Hongera kwanza, kushinda NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, siku hizi si lelemama, toka mfumo uanze 2023 ile kupeleka bahasha na kukaa korido imekwisha na ushindani umekuwa wa nchi nzima.

Huyo jamaa wa laki tano mkimbie. Halmashauri ikipokea dhamana inaandika barua kwa benki au bima iliyotajwa, inauliza hii ni yenu, benki ikisema haipo kwenye vitabu vyetu hapo hujapoteza mkataba tu, umeleta hati ya kughushi kwenye manunuzi ya umma, mamlaka ya manunuzi inaweza kukufungia usishiriki zabuni na CRB nao watataka kujua. Kampuni ya daraja la saba ikifungiwa ndo imekufa hivyo.

Sasa tuzielewe hizi bondi mana watu wanaziita zote bondi wakati kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni dhamana ya zabuni, inamlinda mnunuzi usije ukashinda halafu ukaingia mitini, na kwenye zabuni ndogo mara nyingi inatosha tamko, unajaza fomu kwamba nikikimbia nifungiwe, hamna hela inayotoka. Ya pili ndo iliyokushika, dhamana ya utekelezaji, ukiacha kazi njiani halmashauri inaipeleka benki na benki inalipa, halafu benki inakugeukia wewe. Watu wengi hawajui hicho kipande cha mwisho. Wanadhani bondi ni kama bima ya gari, ikitokea ajali bima inabeba. Hapana bwana, aliyetoa dhamana akilipa anakudai mpaka senti ya mwisho, ndo mana benki inataka 18 zikae pale au hati ya nyumba. Ya tatu ni dhamana ya malipo ya awali, ukitaka advansi kutoka halmashauri unaweka dhamana ya kiasi hicho hicho, na inapungua kadri wanavyokukata kwenye malipo yako.

Njia ulizonazo ziko kadhaa na zinategemea umesoma nyaraka za zabuni au ulisoma ukurasa wa bei tu. Angalia fomu za dhamana zilizoambatanishwa mule ndani, zinasema wanakubali ya benki peke yake au na ya kampuni ya bima. Kama bima inakubalika, bima kawaida haikufungii hela yote, unalipa ada yake na wanataka mdhamini au mali kidogo, ila asilimia inayotakiwa kwa bondi ya bima huwa inaweza kuwa kubwa kuliko ya benki kwahiyo isome. Hakikisha kampuni yenyewe iko kwenye orodha ya TIRA, mamlaka ya bima, na hati inaonekana kwenye mfumo wao.

Njia nyingine ambayo naona wadogo wengi hawaitumii ni ule Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya CRB. Uliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, makandarasi wadogo na wa kati, kuwasaidia kupata dhamana bila kufungiwa mtaji wote. Ni wa wanachama, unajiunga na kuchangia, kwahiyo kama hujajiunga usitegemee miujiza kwa barua ya leo, ila nenda ukaulize wiki hii hii na jiunge kwa ajili ya kazi ijayo. Wanaojiunga siku wameshinda zabuni ni sawa na wanaokata bima baada ya moto, lakini bora uanze.

Vilevile ongea na benki yako vizuri, usiende na barua ya ushindi peke yake. Nenda na mchanganuo wa mtiririko wa fedha, uwaonyeshe malipo ya kwanza ya halmashauri yataingia lini, uwaambie malipo ya mkataba huu yote yatapitia akaunti ya kwenu. Kuna mameneja wakiona malipo yanapitia kwao wanashuka kutoka asilimia mia hadi nusu. Wengine hawashuki, unahama benki.

La mwisho kwako, angalia tarehe ya mwisho ya dhamana. Halmashauri nao wanachelewesha malipo, kila mtu anajua, kazi ya miezi minne inakwenda miezi tisa, na dhamana ikiisha muda kabla ya kazi wanaweza kukuandikia iongezwe au wanaidai. Weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla. Na ukimaliza kazi fuata dhamana yako irudishwe, kuna watu hela zao zinalala benki mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyekwenda kuomba barua ya kuiachia.

SWALI: Kaka angu yuko Seattle huko Marekani, anasema kwao kontrakta hawezi kupewa usajili mpaka aweke bondi ya maelfu ya dola, akikuharibia nyumba unailamba ile bondi. Sisi huku kuna kitu kama hicho? Mana mi nimepigwa milioni 14 Kigamboni na kontrakta mwenye cheti safi kabisa. (Mtoto wa Kigamboni)

JIBU: Pole sana. Kaka yako yuko sahihi ila kuna vipande kaviacha.

Jimbo la Washington, ambalo Seattle iko ndani yake, linamtaka kontrakta wa jumla awe na bondi ya dola 30,000 na wa kazi maalum dola 15,000. Viwango hivyo vimeanza Julai 2024, zamani ilikuwa 12,000 na 6,000. Anatakiwa na bima juu yake. California nao wana yao, dola 25,000 toka 2023. Ila ile bondi si ya nyumba moja, ni moja kwa wateja wake wote, kama kaharibu nyumba sita mnagawana hiyo hiyo, na huendi dirishani ukapewa, kule Washington unafungua kesi mahakamani dhidi yake na dhidi ya bondi. Kwahiyo ni msaada, si miujiza.

Huku kwetu usajili wa CRB haukuwekei mteja binafsi fungu la kulamba. Bodi inaweza kumwita kontrakta, kumwonya, kumtoza faini, kumsimamisha, kumfuta, na malalamiko yako yapeleke kwa maandishi mana yanasaidia wenzio. Lakini milioni 14 zako zitarudi kwa mkataba wako na mahakama, au kwa usuluhishi kama mkataba ulisema hivyo. Hizi dhamana nilizomweleza mwenzio wa Tabata ziko kwenye kazi za serikali kwa sababu serikali inadai. Wewe mwenye nyumba hakuna anayekukataza kudai, ni kwamba hatudai, tunaona aibu, tunasema kontrakta mwenyewe ni wa kanisani kwetu.

Nakubali kwamba kwa nyumba ya milioni 60 kumwambia mtu alete dhamana ya benki atacheka. Basi tengeneza dhamana yako kwa namna unavyolipa. Gawa kazi kwa hatua zinazoonekana kwa macho, msingi, jamvi, kuta mpaka renta, kupaua, plasta, na ulipe hatua ikishakwisha na kukaguliwa, si inapoanza. Vifaa vikubwa, nondo simenti na bati, nunua mwenyewe dukani, risiti kwa jina lako, mlinzi asaini vikiingia. Kontrakta unamlipa ufundi. Hapo hata akikimbia siku yoyote anakuwa amekukimbia na hatua moja tu, na si milioni 14. Halafu kila malipo kata asilimia 5 au 10 uishike, ndo ritensheni hiyo, nusu umpe siku ya kukabidhi na nusu baada ya kipindi cha matazamio, yani muda wa yeye kurekebisha kasoro zitakazojitokeza. Andika miezi 6, ikiwezekana 12 ili bati lipate masika na vuli vyote viwili. Dar hii bila masika huwezi kujua kama bati linavuja.

Mkataba uandikwe. Baraza la Taifa la Ujenzi lina mikataba ya mfano, mwanasheria anaweza kukupunguzia ukurasa kumi zikawa tatu. Kontrakta akikwambia "sisi tunafanya kwa kuaminiana" mwambie na mimi nakuamini ndo mana nataka saini yako.

Kwa hizo 14 zilizokwenda, kusanya meseji zote, miamala yote, picha za saiti za tarehe kwa tarehe, peleka CRB na kwa wakili siku moja. Usimalize kwanza nyumba na fundi mwingine kabla hujapata mkadiriaji majenzi akapima kilichofanyika na kuandika ripoti, ukishapiga plasta ushahidi wote uko chini yake.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi ujenzi Mbagala, kazi nimejifunza kwa mikono toka nikiwa kijana mdogo, maghorofa ya watu nimeyamwaga mimi. Nachoka kuitwa fundi wa sabu, yani nachukua kazi chini ya kampuni ya mtu, pesa anakula mwenye kampuni. Nawezaje kuwa kontrakta wa CRB? Nimesikia lazima digrii. (Fundi Mnyoofu)

JIBU: Marahaba kijana wangu. Si lazima digrii iwe yako.

Daraja la saba ndo mlango wa kuingilia. Unaandikisha biashara au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unapata TIN, unatafuta mtaalamu mwenye taaluma ya ujenzi inayotambulika na bodi, kwa madaraja ya chini fundi sanifu anaweza kutosha, huyu anaingia kwenye kampuni kwa maandishi. Bodi inaangalia pia vifaa, ofisi na uwezo wa fedha kwa kipimo cha daraja unaloomba. Maombi yanafanywa kwenye mfumo wao mtandaoni. Uzoefu wako wa mikono ni mtaji mkubwa saitini ila kwenye fomu hauna kisanduku chake, kwahiyo nenda VETA kama hujapimwa ufundi, upate cheti, na mtafute yule kijana wa chuo aliyewahi kuja kwenu field akawa anakuuliza wewe maswali. Muwe washirika kweli, mgawane hisa muandikishane, usimlipe tu laki mbili kwa mwezi aweke jina. Ukifanya hivyo utakuwa umejenga kampuni ya cheti cha kukodi, na maoni yangu juu ya hao umeyasoma kule juu.

Fikiria na usajili wa kazi maalum, huko madaraja ni matatu. Kama unachokijua kuliko wote Mbagala ni kitu kimoja, bora uwe namba moja kwenye hicho kuliko kuwa wa mwisho kwenye majengo.

Na wakati unajipanga, kazi za fosi akaunti zipo, yale madarasa na zahanati ambazo halmashauri inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi. Nazo zimehamia NeST, jisajili humo. Makandarasi waliosajiliwa wanailalamikia fosi akaunti kwamba inawanyang'anya kazi, na wana hoja hasa pale jengo linapokuwa kubwa na hakuna injinia wa kuonekana, ila kwako leo ni daraja la kuvukia. Mkiwa kikundi cha vijana kuna mkopo wa halmashauri ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, vijana fungu lao ni 4, wanawake 4 na wenye ulemavu 2, mixer na mirunda ya kwanza watu wengi wamepatia huko. Kwenye manunuzi ya umma pia kuna asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalum, vijana mmo.

SWALI: Jirani yangu Sinza anachimba msingi mrefu ajabu ukutani kwangu, anasema ghorofa nne. Ukuta wangu umeanza nyufa. Nikimwambia ananijibu kibali kipo. (Mama Mkwe)

JIBU: Mwambie akuonyeshe. Kibali kinatakiwa kiwe saiti, hakikai kabatini, na kinasema ghorofa ngapi. Ghorofa nne bila bango lenye jina la kontrakta na injinia ni dalili mbaya, piga picha hapo pasipo na bango.

Leo hii chukua penseli, weka mstari mahali ufa unapoishia, andika tarehe pembeni ukutani, na upake plasta kidogo juu ya ufa kuvuka pande zote mbili. Plasta ikipasuka ujue ufa unatembea. Kisha andika barua, nakala kwa mtendaji wa mtaa, kwa mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo, kwa CRB na kwa bodi ya wahandisi, na kila unapopeleka wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Malalamiko ya mdomo kwa mjumbe hayana muhuri. Plasta ikipasuka usisubiri majibu, hamisha wanaolala upande huo.

Usiogope kuonekana una wivu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafa, wafanyabiashara waliokuwa wamefungua maduka yao asubuhi, na waziri mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya eneo lile. Shughuli za tume huja baada ya maiti, barua yako inaweza kutangulia.

SWALI: Kibarua wa kontrakta wangu kadondoka toka kwenye jukwaa la mirunda, kavunjika mguu. Kontrakta anasema mwenye nyumba ndo agharamie. Kweli? (Bosi Mdogo, Mbezi)

JIBU: Kama mkataba wako ni na kontrakta na yeye ndo kamwajiri kibarua, mwajiri ni yeye. Mwajiri anatakiwa awe amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na saiti yenyewe iwe imesajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Muombe namba yake ya usajili WCF, kama anayo apeleke taarifa ya ajali mara moja na matibabu yashughulikiwe huko. Kama hana, hilo ni kosa lake si lako, na bodi ya CRB itapenda kulisikia.

Ila kama ulimchukua fundi mtaani ukamlipa kwa siku mwenyewe bila kontrakta katikati, mwajiri unaweza kuwa wewe, kwahiyo muone mwanasheria kabla hujamjibu vibaya. Na kwa sasa mpeleke kijana hospitali, mengine mtabishana mguu ukiwa kwenye plasta.